Saa Kumi na Moja Jioni: Mwongozo kwa Mwenye ADHD Anayekunywa Pombe

Jioni moja bwana mmoja alisimama mbele ya kaunta ya duka la dawa ninapofanya kazi, akasubiri wateja wengine waondoke, ndipo akauliza kwa sauti ya chini: "Daktari, hii dawa yangu ya asubuhi, usiku nikigusa bia kuna shida?" Nikamwomba aweke juu ya kaunta kila anachotumia. Akatoa pakiti ya Concerta, vidonge vya Flagyl alivyovikatiza njiani, dawa ya maji ya kikohozi na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Nilipomuuliza bia ni ngapi, akasema moja. Nikamuuliza tena, taratibu. "Nne," akasema. "Tano. Inategemea na siku."

Jibu la kwanza lisingenisaidia chochote. La pili ndilo lililotuwezesha kuzungumza. Mwongozo huu ni wako wewe uliye kama yeye: mtu mzima mwenye ADHD, unatumia dawa au unatarajia kuandikiwa, na pombe imeanza kukushinda au ilishakushinda zamani. Unamhusu pia mke, mume, mzazi au ndugu anayeishi nawe. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Unakuandaa kwenda kuonana naye.

Elewa kwanza kwa nini

ADHD si ugonjwa wa watoto watundu tu. Dalili huanza kabla ya miaka 12, lakini kwa wengi hazikomi: mtu mzima anasahau miadi, anaanza kazi kumi asimalize hata moja, anawakata wenzake kauli, na kichwa chake hakitulii hata akiwa kitandani. Watu wenye hali hii huangukia kwenye ulevi zaidi kuliko wengine, wala chanzo si malezi mabaya. Ubongo unaotafuta kitu cha kuutuliza upesi hukipata kwenye chupa, na ubongo unaotenda kabla ya kufikiri hupata taabu sana kusema "hii ndiyo ya mwisho".

Dawa zinazoandikwa zaidi ni zile za kuchangamsha ubongo, hasa methilifenideti, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Ritalin na Concerta. Ikikutana na pombe hutokea mambo matatu.

La kwanza hutokea kwenye ini. Pombe huvuruga namna ini linavyoivunja dawa hii. Sehemu yake hugeuka kuwa kemikali nyingine iitwayo ethilifenideti, na kiasi cha dawa yenyewe hupanda kwenye damu. Umemeza kidonge kilekile cha kila siku, lakini mwili umepokea zaidi ya ulichoandikiwa.

La pili liko kwenye kidonge. Dawa za kutoka taratibu zimetengenezwa zijiachie kidogokidogo kwa saa nyingi. Katika vipimo vya maabara, baadhi ya kapsuli za aina hiyo zilipowekwa kwenye kimiminika chenye kilevi asilimia 40 zilimwaga karibu dawa yote ndani ya saa 1. Si kila aina hufanya hivyo, ila wewe huwezi kujua kwa kuitazama.

La tatu ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Dawa hii huficha ulevi. Usingizi hauji, unajiona mzima, maneno yanatoka sawasawa, kumbe macho, miguu na maamuzi vimelewa vilevile. Basi unaagiza nyingine, kisha unachukua ufunguo wa pikipiki ukiamini uko salama.

Halafu kuna suala la saa. Kidonge ulichomeza saa moja asubuhi huanza kuishiwa nguvu alasiri au jioni, kulingana na aina yake. Kikiisha, wengi hupata hali mbaya ya muda: hasira za karibu, uchovu, kelele kichwani. Hiyo ni saa kumi, saa kumi na moja, wakati ambapo ofisi zinafungwa, fundi anakunja vifaa na viti vya baa vinatolewa nje. Watu wengi wanaoniambia "nakunywa kwa mazoea" ukiwahoji vizuri wanakunywa katika saa hiyo moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jioni.

ONYO LA KUSOMA KABLA YA YOTE: usiache pombe ghafla ukiwa peke yako

Kama unakunywa kila siku, ukiamka mikono inatetemeka, unalazimika kuzimua ndipo ufanye kazi, au umewahi kupata degedege ulipoacha, kukata pombe kwa siku moja kunaweza kukuua. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili uliozoea pombe unapoikosa, huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho: jasho, kutetemeka, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Degedege huja mara nyingi ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo huja siku ya 2 hadi ya 4.

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, au Kwaresima, kuna watu wanaoapa kuacha usiku mmoja. Nia yao ni njema. Kama ndivyo ulivyopanga, mwone mhudumu wa afya wiki chache kabla. Hospitalini utasimamiwa, utapewa vitamini B1 na, ikibidi, dawa za kuzuia degedege kwa siku chache. Na katika siku hizo usimeze dawa ya kuchangamsha ubongo mpaka daktari aseme. Moyo na presha tayari viko juu, na kidonge kitavipandisha zaidi.

Hatua tano kabla ya kumeza kidonge cha kwanza

1. Hesabu pombe kwa gramu, si kwa chupa. Shirika la Afya Duniani huhesabu kipimo kimoja cha pombe kuwa gramu 10 za kilevi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi, kwa hiyo ni vipimo viwili. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu karibu 70, sawa na bia kubwa tatu na nusu. Anayesema "mimi nakunywa kachupa kamoja tu" amekunywa vipimo saba. Andika kila siku kwa wiki moja. Gongo na chang'aa huwezi kuzihesabu kwa sababu nguvu yake haijulikani, na mara nyingine zina methanoli inayopofusha na kuua. Ziandike hivyohivyo kwa jina.

2. Jibu maswali 10 ya AUDIT. Ni dodoso la Shirika la Afya Duniani, na daktari au mshauri anaweza kukusomea kwa Kiswahili. Alama 8 au zaidi ni ishara kwamba unywaji umeshafika mahali pa hatari.

3. Mwaga mfuko mezani. Kila kidonge, sirapu, mitishamba na unga wa kuongeza nguvu, hata vya kununua barabarani. Piga picha kwa simu na umwonyeshe daktari.

4. Omba kupimwa. Presha, mapigo ya moyo na uzito vipimwe kabla ya kuanza, na virudiwe kila dozi ikibadilishwa. Nchini Uingereza mwongozo wa kitaifa unataka presha na mapigo vipimwe angalau kila miezi 6 hata kama dozi haijabadilika. Ini lipimwe kwa anayekunywa sana. Sema kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana, au kama umewahi kusikia sauti wasizosikia wengine.

5. Kubali kusubiri. Pombe, hangova na arosto vyote huleta usahaulifu na kukosa utulivu. Kama hujawahi kuthibitishwa kuwa na ADHD, daktari anaweza kutaka ukae wiki kadhaa bila pombe kabla hajaamua. Huko si kukunyima dawa. Umwambie pia ulivyokuwa shuleni, na ukiweza nenda na mama au dada anayekukumbuka ukiwa darasa la tatu.

Maneno ya kumwambia daktari

Wengi hukwama hapa. Kwa Mwislamu wa Unguja au Mombasa, au kwa mzee wa kanisa, kulitaja neno pombe mbele ya mtu ni kama kujivua nguo. Lakini daktari hupanga dozi kwa kile alichoambiwa, na anafungwa na maadili ya kazi yake kukutunzia siri. Ukiogopa kwamba ulimi utagoma, yaandike maneno haya kwenye karatasi umpe:

*"Shikamoo daktari. Natumia pombe, na sitaki kukuficha. Siku za kazi nakunywa bia … , wikendi … . Asubuhi mikono inatetemeka / haitetemeki. Mara ya mwisho nilikunywa … . Naomba tuchague dawa ukijua hilo. Na kama nitateleza nikanywa, nifanye nini na kidonge cha kesho yake?"*

Swali la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Pata jibu lake kabla hujatoka chumbani.

Ijue dawa yako

*Za kuchangamsha ubongo: methilifenideti na jamii ya amfetamini.* Hufanya kazi siku hiyohiyo. Zinaweza kuleta uraibu zikitumiwa vibaya, na methilifenideti iko kwenye Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Ndiyo maana mfamasia anadai cheti na kukihifadhi, wala hakushuku. Kwa mwenye tatizo la pombe, daktari akiona zinafaa mara nyingi huchagua zile za kutoka taratibu, kwa sababu ni vigumu zaidi kuzitumia vibaya. Usizisage, usizitafune. Na usishtuke ukiona ganda la Concerta chooni: dawa imeshatoka ndani yake, ganda halimeng'enywi.

*Atomoksetini, ya Strattera.* Haichangamshi kwa namna ile, wala haileti hamu ya kuongeza, kwa hiyo madaktari wengi huifikiria kwa mtu anayepambana na pombe. Inahitaji uvumilivu: wiki 4 hadi 6 ndipo uone faida kamili. Wengi huiacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi. Mara chache huumiza ini. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acha na uende hospitali siku hiyohiyo. Usiifungue kapsuli, unga wake huwasha macho.

*Klonidini na guanfasini.* Hushusha presha na kuleta usingizi. Ukiongeza pombe unaweza kuzimia ukisimama. Hizi haziachwi ghafla hata kidogo, presha hupanda kwa kishindo. Kwa hiyo ukiwa umekunywa usiamue mwenyewe kuziruka siku mbili tatu, piga simu.

*Bupropioni.* Haimfai kabisa mtu anayekunywa sana kisha anakata ghafla, kwa sababu huongeza hatari ya degedege.

Siku yako, saa kwa saa

*Asubuhi.* Kabla ya kidonge jikague: Je, bado nimelewa? Natapika? Natetemeka? Moyo unakimbia au kifua kinabana? Likiwepo hata moja, usimeze dawa ya kuchangamsha. Kunywa maji, kula, wasiliana na mhudumu wako. Kuikosa methilifenideti siku moja hakukudhuru. Ukiwa mzima, kula kitu kwanza, kwa sababu dawa hukata njaa, na tumbo tupu jioni ni mlango wa pombe. Umesahau mpaka alasiri? Iache hadi kesho. Usimeze mbili.

*Saa tisa.* Weka kengele ya simu. Kula hata kama huna njaa: chapati na maharage, ndizi, mihogo, chochote chenye kushiba. Kunywa maji.

*Saa kumi mpaka saa moja usiku.* Jaza muda huu kabla haujafika. Usitegemee nia, kwa sababu nia ndiyo inayoishiwa nguvu pamoja na dawa. Badilisha njia ya kurudi nyumbani ikiwa ya kawaida inapita kwenye baa. Panga na mtu mkutane: mazoezi, kwaya, darasa, kumchukua mtoto. Hela ya jioni mwachie unayemwamini, au ibaki kwenye akaunti isiyo kwenye simu. Marafiki wakikukaribisha, sema "nipo kwenye dozi, nipe soda". Kwetu sentensi hiyo inaheshimika, hata mlevi mwenyewe hukuonea huruma. Na kama jioni zako ni mbaya kila siku, mwambie daktari. Huenda aina au saa ya dawa ndiyo ya kubadilisha.

*Usiku.* Dawa ikimezwa kwa kuchelewa hufukuza usingizi, mtu anaita pombe imletee usingizi, anaamka amechoka, anaongeza dozi. Nimewaona wengi ndani ya mzunguko huo. Unavunjwa asubuhi, kwa kumeza mapema. Kuuvunja usiku kwa chupa hakuwezekani.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kuruka kidonge cha Ijumaa "ili nipate nafasi ya kunywa". Mwili unaingia baa bila breki, na kesho yake unashangaa ulifanya nini.

Kumeza kidonge ili kuondoa hangova au kuendesha gari baada ya kunywa. Kinakuamsha tu. Pombe huondolewa na ini kwa kasi yake, na kidonge hakiiharakishi.

Kumgawia mwenzako anayesomea mtihani. Moyo wake hujaupima, na kisheria umesambaza dawa inayodhibitiwa.

Kumtilia mtu dawa ya kuacha pombe kwenye uji bila yeye kujua. Namwelewa mke anayefikia hapo, amechoka. Lakini disulfiramu, iliyojulikana kama Antabuse, ikikutana na pombe huleta uso kuwaka, kutapika, kushuka kwa presha, na inaweza kuua. Haipewi mtu aliyelewa wala asiyejua. Anayeimeza kwa hiari ajihadhari na kilevi kilichojificha kwenye dawa za kikohozi na maji ya kusukutulia kinywa, na hatari hiyo hudumu hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho.

Vingine vilivyomo mfukoni

- Mirungi au miraa: ina kathinoni, ndugu wa amfetamini. Pamoja na methilifenideti, moyo unabeba mizigo miwili. Kenya ni zao halali, Tanzania ni marufuku. Kwa moyo wako ni kitu kilekile.
- Vinywaji vya kuongeza nguvu, na dawa za mafua zenye sudoefedrini: hupandisha presha na mapigo juu ya yale ya dawa.
- Flagyl: hakuna pombe wakati wa dozi na siku 3 baada yake.
- Parasetamoli: kwa anayekunywa sana, hata dozi ya kawaida inaweza kuliumiza ini. Uliza kiasi chako, usijipimie.
- Valium na tramadoli: pamoja na pombe zinaweza kusimamisha pumzi. Tramadoli huongeza pia hatari ya degedege.

Zipo dawa za kusaidia kuacha pombe zilizo salama zaidi kuliko disulfiramu. Naltreksoni na akamprosati ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2023. Naltreksoni haiendi pamoja na tramadoli wala mofini, akamprosati inahitaji figo nzima. Ziulizie kwa jina, kwa sababu si kila daktari atazitaja.

Nyumbani na safarini

Funga dawa kwa kufuli. Kama unajua utashawishika, mpe mwenzako atunze na akupe za wiki moja moja, mkihesabu pamoja kila Jumapili. Usizitoe kwenye pakiti zake. Ukisafiri kwenda Emirati, Muscat au umra Makka, pata kibali cha nchi unakokwenda kabla ya kupanda ndege, pamoja na barua ya daktari. Dawa iliyo halali hapa inaweza kukufikisha rumande kule.

KIMBILIA HOSPITALI MARA MOJA UKIONA:

☐ Maumivu ya kifua, kuzimia, au moyo kwenda mbio bila kutulia
☐ Degedege, hata moja
☐ Kuchanganyikiwa, kuona au kusikia visivyokuwepo
☐ Kutapika huku hajitambui, au pumzi ya taratibu sana
☐ Kuona ukungu baada ya pombe ya kienyeji
☐ Macho ya njano
☐ Mawazo ya kujiua

Asiyejitambua mlaze ubavu, usimwache peke yake, usimpe maziwa, kahawa wala maji. Beba pakiti za dawa na umwambie daktari alikunywa nini na saa ngapi. Usione haya.

Pa kuanzia

Tanzania, hospitali nyingi za mkoa zina kitengo cha afya ya akili, na juu yake kuna Muhimbili, Mirembe ya Dodoma na Kidongo Chekundu kwa Unguja. Kenya kuna Mathari, na simu ya bure ya NACADA ni 1192. Uganda kuna Butabika. Zahanati ya mtaani kwako pia inaweza kukuandikia rufaa.

Kama unasoma haya usiku na umeshakunywa, usimeze kidonge chochote cha ADHD sasa hivi, isipokuwa klonidini au guanfasini, ambazo uulize kwanza. Weka chupa ya maji kando ya kitanda, andika kwenye karatasi umekunywa nini na kiasi gani, na kesho asubuhi ipeleke karatasi hiyo kwa mhudumu wa afya kama ilivyo, bila kupunguza hata bia moja.